Mzee Kiki na Kopo la Oili

Ndugu wafiwa, majirani, na nyote mliosafiri tangu jana kuja kumsindikiza mzee wetu, familia inawashukuru kwa utulivu wenu, na inawaomba utulivu huo udumu mpaka mstari wa mwisho wa historia hii, hata pale mtakapotamani kuguna.

Karatasi hizi hazikuandikwa na kamati ya mazishi. Marehemu alizitamka mwenyewe akiwa kitandani, kwa alasiri tisa, kati ya tarehe 6 na tarehe 27 Mei mwaka huu wa 2024, na binti yake wa pili, ambaye ndiye anayesoma sasa, aliandika alichoambiwa, akaongeza tu yale aliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Mna haki ya kujua pia kwamba ukurasa wa tatu umetolewa kwenye faili mara mbili asubuhi ya leo, na mara mbili umerudishwa, kwa sababu kaka mkubwa wa marehemu anaona mtu azikwe na mema yake, na marehemu mwenyewe aliagiza asizikwe kabla haujasomwa. Yuko mtu amesimama pale karibu na geti ambaye jina lake lilichafuliwa katika mji huu miaka thelathini na minane iliyopita, na kama ukurasa huo hautasomwa leo, hakuna siku nyingine ambayo watu wote hawa watakusanyika kuusikia. Kwa hiyo utasomwa.

Marehemu, ambaye wengi wenu hamkuwahi kumwita vingine ila Mzee Kiki, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili kati ya watatu, akiwa na kaka juu yake na dada mmoja chini yake, baba yao seremala na mama yao mkunga. Alikuwa mtoto mwembamba, mbishi, mwenye haraka zake, na mama yao alizoea kusema kwamba amezalisha nusu ya mji, ila huyu wa kwake peke yake ndiye aliyekuja kabla maji hayajachemka.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958 na kumaliza mwaka 1965, akaendelea na sekondari kuanzia 1966 hadi 1969, na hapo katikati, mwezi Julai 1968, alisimamishwa masomo wiki mbili kwa kosa la kuifungua pikipiki ya mwalimu mkuu nyuma ya stoo ili aone ni kitu gani humo ndani kinacholia vile. Aliifunga tena yote, haikubaki hata nati moja, nayo ikawaka vizuri kuliko zamani, lakini adhabu ni adhabu, akaitumikia. Aliporudi, mwalimu mkuu alikuwa akimwita ofisini kimya kimya kila pikipiki ilipokohoa, na wenzake wakidhani anakwenda kuchapwa. Mwaka 1970 alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu Novemba 1971.

Tarehe 3 Januari 1972 aliajiriwa na ofisi ya simu akiwa fundi wa laini, kazi ya kufuata waya uliokatika mpaka uupate, na mwaka 1974 alikabidhiwa pikipiki ya ofisi, na tangu siku hiyo, kwa maneno ya mke wake, nyumba ikawa na mke mwenza kabla hata mke hajafika.

Vijana mliokua na pikipiki za leo, zinazokunywa petroli tupu huku oili yake ikikaa kwenye chumba chake chini, mnahitaji kuelezwa kitu kimoja, maana bila hicho hamtaelewa ukurasa wa tatu. Pikipiki za wakati ule, zile za mipigo miwili, hazikuwa na oili yake kwenye injini. Oili uliichanganya mwenyewe na petroli, kwa mkono wako, kifuniko cha tangi kikiwa ndicho kipimo, vifuniko viwili vya oili kwa petroli ya kiasi fulani, halafu unaitikisa pikipiki huku na huku mpaka vichanganyike. Ukisahau, inawaka tu kama kawaida, inakwenda, inakuchekea, na mahali fulani njiani pistoni inapata moto, inaganda ndani ya silinda, na gurudumu la nyuma linakwama palepale, uwe kwenye mwendo gani.

Marehemu alizipenda pikipiki hizo kuliko ilivyo busara kumpenda mtu. Alipenda mlio wake mkali ambao mtaa mzima uliujua kabla hajakunja kona, alipenda ule moshi wa buluu uliobaki hewani baada yake, harufu tamu ya oili iliyoungua ambayo haikutoka kwenye mashati hata yakifuliwa mara tatu, na zile asubuhi za baridi za kupiga kiki kumi na mbili bila jibu, ya kumi na tatu ikaitika, naye akaitazama nyumba nzima kana kwamba yeye ndiye aliyeiumba. Pikipiki za siku hizi, alikuwa akisema, zina adabu mno, hazikuambii zinajisikiaje. Plagi ya akiba ilikaa mfukoni mwake kama wengine wanavyoweka leso.

Alifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1978 na mke wake, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye yuko nasi hapa mbele, na wageni waliohudhuria wanakumbuka kwamba bwana harusi alichelewa dakika arobaini, akaonekana hatimaye pembeni ya barabara, shati jeupe limekunjwa mpaka kwenye viwiko, anasugua plagi kwa msasa. Walijaaliwa watoto watatu, wa kwanza mwaka 1979, wa pili mwaka 1982, na kitinda mimba mwaka 1986.

Mwaka 1983 ofisi ilipouza pikipiki zake chakavu marehemu aliinunua ileile aliyokuwa akiiendesha, akaiita Nyuki, na mtu aliyeifufua ni rafiki yake wa tangu mwaka 1975, fundi wa pikipiki aliyekuwa na karakana ya mabati karibu na ghala la chumvi. Huyu watu walimwita Fundi Sikio, kwa sababu alikuwa akiweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini kwenye sikio lake, anafumba macho, kisha anakuambia ugonjwa. Walikuwa chanda na pete. Mapema mwaka 1985 Fundi Sikio alimchumbia dada yake marehemu, yule kitinda mimba wa mkunga, ambaye kwetu sisi ni shangazi, na harusi ikapangwa Jumamosi tarehe 14 Desemba mwaka huohuo, na marehemu alifurahi, kwa maneno yake, kama aliyeposa yeye.

Huu sasa ndio ukurasa wa tatu.

Baba mkubwa, tafadhali kaa. Tulishazungumza.

Siku ya Ijumaa tarehe 18 Oktoba 1985 Fundi Sikio alimaliza kuifunga Nyuki pistoni mpya na pete mpya, akamkabidhi marehemu pikipiki pamoja na kopo jipya la oili, akamwambia, "Shemeji, injini bado mbichi hii. Mara ya kwanza izidishie oili kidogo, usiikimbize." Marehemu akaitikia. Jumamosi tarehe 19, saa tatu na nusu asubuhi, dada yake alikuja ili apelekwe kwa mshonaji kupima gauni la harusi kwa mara ya kwanza, naye marehemu alikuwa nyuma ya nyumba anajaza petroli kwenye tangi, kopo la oili likiwa juu ya dirisha la jiko, na jirani mmoja akamwita uani kumlalamikia simu yake iliyokufa. Walizungumza kama robo saa. Aliporudi, kifuniko kilikuwa juu ya tangi, dada yake amekwishakaa kwenye siti ya nyuma, anamhimiza, "Kaka, twende, mshonaji anafunga saa tano." Akakaza kifuniko, akapiga kiki, ikawaka ya kwanza.

Ilikuwa tamu siku hiyo, alisema, tamu kuliko siku yoyote, nyepesi, kali, na dada yake alikuwa akiimba nyuma ya sikio lake, naye akasahau habari ya kutoikimbiza. Kwenye mteremko wa kuelekea darajani gurudumu la nyuma lilikwama. Marehemu aliangukia majanini, akachubuka kiwiko. Dada yake aliangukia ukingo wa zege wa mtaro, na pikipiki ikaangukia mguu wake wa kushoto, ukavunjika sehemu tatu.

Jioni ya siku hiyo, saa kumi na mbili, marehemu alirudi kutoka hospitalini kuchukua nguo za dada yake, akapita jikoni, akaliona kopo la oili juu ya dirisha. Halikuwa limefunguliwa. Alisimama pale, kwa maneno yake, mpaka chai aliyojimiminia ikapoa, kisha akachukua kisu, akalitoboa, akatoka nje, akamimina oili kadiri ya vifuniko viwili kwenye udongo nyuma ya jiko, akaifukia kwa mguu, akalirudisha kopo mahali pake. Mke wake alikuwa hospitalini, watoto wako kwa jirani, na hakuna aliyemwona.

Jumatatu tarehe 21 Oktoba, mbele ya watu wasiopungua ishirini, fundi mzee wa karakana nyingine aliifungua ile injini, akaitazama pistoni iliyokwanguka, akasema, "Hii ni moja kati ya mawili. Ama imekosa oili, ama pete zimebana." Akamgeukia marehemu. "Ulichanganya?"

Marehemu akajibu, "Nilichanganya."

Tangi lilikuwa limemwagika lote mtaroni. Fundi Sikio aliingiza kidole kwenye kabureta, akasugua yale matone mawili yaliyosalia, akanusa, akamtazama rafiki yake kwa muda, akasema taratibu, "Shemeji, hebu kumbuka vizuri." Na marehemu, akitazama chini, akasema, "Nimeshasema nilichanganya. Kopo liko nyumbani, nendeni mkalione." Wakaenda, wakaliona, limetobolewa na limepungua. Kuanzia hapo Fundi Sikio alipojitetea watu walimcheka, maana fundi gani asiyejitetea.

Kabla ya mwezi kwisha, kila mwenye pikipiki alikuwa ameitoa kwenye karakana ile. Shangazi alilala hospitalini wiki kumi na moja, na mguu wake ukapona ukiwa mfupi kwa vidole vitatu, na harusi haikuwapo, kwa sababu yeye mwenyewe alimtuma kaka yake kwa mchumba wake na maneno haya: kwamba hawezi kuolewa na mikono iliyomwangusha. Ni marehemu aliyeyapeleka. Alikwenda kwa miguu, akayasema yote bila kupunguza hata moja, na Fundi Sikio akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia tu, "Nimesikia." Februari 1986 alifunga karakana, akahamia mji mwingine, na tangu hapo riziki yake ni kutengeneza cherehani. Shangazi yetu hakuolewa.

Marehemu aliitengeneza Nyuki yeye mwenyewe, na hakumruhusu mtu mwingine yeyote, hata mwanawe, kuitilia petroli. Ninyi wa Chama cha Kiki, wazee wenzake mnaoendesha pikipiki za zamani, mlimtania miaka yote kwa jinsi alivyopima oili usawa wa jicho, mkamwita Mfamasia, naye akicheka pamoja nanyi. Watoto wake walisimama nyuma ya ekzosi kila Jumamosi wakioga moshi ule na kushangilia, na walidhani baba yao anatokwa machozi kwa sababu ya moshi. Yalikuwa mapenzi, hilo alilisisitiza, msifikiri aliwadanganya alipowasimulia habari za barabara za vumbi na usiku wa mvua kwenye laini za simu. Ila ilikuwa pia adhabu aliyojipa mwenyewe, na adhabu mtu anayojipa mwenyewe, binti anaongeza hapa kwa maneno yake, huwa haimpunguzii aliyekosewa hata kidogo.

Mwaka 1998, kwa kuwa kazi yake ilikuwa simu, aliipata namba ya Fundi Sikio, akaiandika kwenye daftari lake. Alimpigia mara nyingi. Kila mara alisikia "Haloo?" akakata.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2011 baada ya utumishi wa miaka thelathini na tisa, na mwaka uliofuata akaanzisha chama pamoja na wenzake saba, ambacho kila Jumapili ya mwisho wa mwezi kimekuwa kikiupita mji huu kwa kelele na moshi, mkituomba radhi mnapopita na kurudia mwezi unaofuata.

Februari 2023 alianza kukohoa kikohozi kisichokoma, akapimwa, ikaonekana mapafu yake yanakakamaa. Daktari alimwuliza amevuta sigara miaka mingapi, akajibu hajawahi kuonja hata moja, ila ekzosi amevuta miaka arobaini na tisa. Machi mwaka huu hakuweza tena kupiga kiki, na Aprili hakuweza kutoka kitandani.

Mwezi Mei alimwita dada yake mara tatu. Mara tatu shangazi alikuja kwa mkongojo wake, akapanda ngazi zote zile, akakaa kando ya kitanda, na mara tatu marehemu alizungumza habari za hali ya hewa. Baada ya mara ya tatu, tarehe 27, alimwambia binti yake kuhusu kopo, akasema, "Liweke kwenye historia. Mtu akishakufa hakatizwi."

Binti alikasirika, na mbele yenu nyote anasema bado amekasirika. Alimwambia, "Baba, shangazi yuko sebuleni sasa hivi anakunywa chai. Nikamwite?" Marehemu aligeukia ukutani, akasema, "Naogopa, mama." Mtu aliyepanda nguzo za simu katika radi aliogopa ngazi kumi na nne zilizokuwa kati yake na dada yake. Chai ikaisha, shangazi akaaga, akaondoka.

Marehemu alifariki dunia nyumbani kwake, Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, mke wake amemshika mkono.

Jumatano asubuhi binti alikwenda kwa shangazi yake, maana aliona ni ukatili mtu kuyasikia haya kwa mara ya kwanza kwenye umati. Akamweleza yote. Shangazi aliangalia mguu wake kwa muda mrefu kana kwamba ni wa mtu mwingine, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Yuko hai?" Alipoambiwa Fundi Sikio yuko hai, kwa kuwa binti alikwishaulizia habari zake, akauliza kama ana mke, akaambiwa alikuwa naye, alifariki miaka sita iliyopita. Ndipo binti akamwuliza kama ukurasa huu uondolewe, maana wakubwa wameanza kuuliza marehemu aliandikisha nini, na shangazi akajibu, "Alichafuliwa mbele za watu, asisafishwe uvunguni. Soma, na usiniruke mimi. Mimi ndiye niliyesema habari ya mikono."

Alhamisi, binti alimpigia Fundi Sikio ile namba ya kwenye daftari. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nilijua tangu ile Jumatatu, mwanangu. Nilikuwa namsubiri yeye tu." Akauliza, "Dada yake anajua?" Akaambiwa anajua. Akasema atakuja.

Familia inatamka sasa, kwa sauti ambayo inatumaini inafika getini, kwamba Fundi Sikio alizifunga pete zile sawasawa, hakukosea popote, na kwamba tuliomsema vibaya, tuliotoa pikipiki zetu, na tuliocheka alipojitetea, tulikuwa na makosa. Tunamwomba radhi. Hatumwombi asamehe leo, wala kesho. Hilo ni lake.

Shangazi ameomba kiti kilicho upande wake wa kulia kisikaliwe. Wengi wenu mmekwishakitazama mkashangaa kwa nini watu wamesimama na kiti kipo wazi. Fundi, ukitaka kukikalia, njia ni hii katikati, na ukiona ubaki ulipo, hakuna atakayekulaumu, na shangazi amesema wa kwanza asiyekulaumu ni yeye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, hasa muuguzi aliyekuja nyumbani kila Alhamisi hata siku asizopangiwa, inawashukuru majirani waliovumilia moshi wetu miaka hamsini na wakabeba maji siku hizi nne bila kuombwa, inawashukuru wastaafu wenzake wa ofisi ya simu, na Chama cha Kiki, ambao mmeacha injini zenu zimezimwa barabarani kama mlivyoombwa, ingawa tunajua imewawia vigumu.

Pumzika, baba, na ile amani uliyowacheleweshea hawa wawili, tunaomba na wewe ikufikie.